Kompyuta kongwe na ugomvi wa mstari mmoja

Andika neno Altair kwenye kisanduku cha kutafutia cha Wikipedia. Kabla hujafungua ukurasa wowote utaletewa orodha ya majina, na chini ya jina kuna mstari mmoja wa maandishi madogo. Mstari huo ndio unaokusaidia kujua kwamba Altair hii ni nyota ya angani na Altair 8800 ile ni kompyuta ya miaka ya 1970. Maneno matano au sita, basi. Unabonyeza unachokitaka na kuendelea na shughuli zako.

Mimi ni mtu wa magazeti, na mistari ya namna hii siwezi kuipita hivi hivi. Nani kaiandika? Nani kakubali iandikwe hivyo? Nikaanza kufuatilia, na kwa kuwa napenda historia ya mashine, nikachagua kompyuta kongwe. Ndugu msomaji, huko nimekuta ugomvi mkubwa kuliko udogo wa maandishi yenyewe. Leo naomba tuupitie pamoja, maana mwisho wake unatufikisha hadi Dar es Salaam.

Kwanza, mistari hii ilikotoka. Wikipedia ilianza mwaka 2001 bila kuwa nayo. Mwaka 2012 ikazaliwa Wikidata, ghala la taarifa linalohudumia Wikipedia za lugha zote. Kila kilichomo humo, awe mtu, mto au mashine, kina nafasi ya maelezo mafupi kwa kila lugha. Baadaye programu za simu za Wikipedia zikaanza kuchota maelezo hayo na kuyaweka chini ya majina. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza wakaja juu. Hoja yao ilikuwa nzito: maneno yanaonekana kwetu lakini yameandikwa nyumba ya pili, na mtu akiingiza uongo kule, sisi tunaolinda ukurasa hatupati habari.

Baada ya mabishano makali ya mwaka 2017, taasisi inayoendesha Wikipedia ilikubali kuwatengenezea njia ya kuandika maelezo yao wenyewe ndani ya kurasa zao. Ila kulikuwa na sharti: kwanza yaandikwe maelezo yapatayo milioni 2, ndipo yale ya Wikidata yaache kuonyeshwa. Hebu fikiria. Watu wasiolipwa hata senti, wanaandika mistari milioni 2, mmoja mmoja!

Ukiwa na kazi ya ukubwa huo huwezi kwenda bila kanuni. Kanuni waliyokubaliana ni kwamba mstari uwe mfupi, herufi 40 hivi ukihesabu na nafasi. Usirudie jina la makala. Usisifie. Usiingize jambo lenye ubishi. Na la muhimu kuliko yote: mstari huu si fasili. Kazi yake ni kumsaidia msomaji ajue kama amefika alikokusudia, hauna kazi ya kumfundisha kitu chote.

Kwa vitu vingi hapo pana amani. Mto ni mto, mji ni mji. Ukifika kwenye kompyuta za zamani, hapo ndipo ngoma inapoanza.

Chukua neno moja tu: "ya kwanza". Kompyuta ya kwanza duniani ni ipi? Mjerumani atakwambia ni Z3 ya Konrad Zuse, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1941. Ilitumia rilei za aina ya zile zilizokuwa kwenye mitambo ya simu, na iliteketea kwa mabomu ya vita mwaka 1943. Mwingereza atakwambia ni Colossus, kazi ya mhandisi Tommy Flowers, iliyotumika Bletchley Park kuanzia mwaka 1944 kuvunja siri za mawasiliano ya jeshi la Ujerumani. Mmarekani wa Iowa atamtaja John Atanasoff na mwanafunzi wake Clifford Berry, waliounda mashine yao chuoni kati ya mwaka 1939 na 1942. Mmarekani wa Philadelphia hatakubali. Kwake ni ENIAC, iliyotangazwa mwaka 1946 ikiwa na valvu zipatazo 18,000. Na Manchester wana yao pia: tarehe 21 Juni 1948 mashine yao ndogo iliendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, jambo ambalo hizo nyingine hazikuwa zimelifanya.

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini tazama wanavyoivuta. Hakuna anayesema "ya kwanza" akaishia hapo. Yule wa Z3 lazima aongeze "inayoweza kupangiwa kazi". Wa Iowa lazima aongeze "ya kielektroniki", kwa sababu rilei za Zuse ni vitu vinavyocheza. Wa ENIAC ataongeza "ya kielektroniki" halafu "ya matumizi ya jumla", maana Colossus ilikuwa ya kazi maalumu, na ile ya Iowa ilitengenezwa kutatua milinganyo tu. Wa Manchester ataongeza "yenye programu iliyohifadhiwa". Kila neno linaloongezwa linamtoa mshindani mmoja uwanjani. Ukimaliza kuongeza, umebaki peke yako, na kombe ni lako.

Sasa jaribu kufanya hivyo kwa herufi 40. "Kompyuta ya kwanza ya kielektroniki duniani" peke yake ni herufi 43, na hapo hata hujamtoa Atanasoff. Nafasi haitoshi kumweleza msomaji ni "ya kwanza" ya namna gani, na bila maelezo hayo unakuwa umesema uongo. Kwa hiyo neno lenyewe linaanguka. Tumezoea kuamini kwamba ufupi huharibu ukweli. Hapa ufupi umeukomboa, kwa sababu umewanyima watu nafasi ya kujitetea.

Ubishi huu umewahi kufika hadi mahakamani. Wenye hataza ya ENIAC walikuwa wakidai malipo kwa kampuni nyingine, zikakataa, kesi ikaenda. Tarehe 19 Oktoba 1973 Jaji Earl Larson wa Marekani aliifuta hataza hiyo, akasema waundaji wa ENIAC walichukua mambo ya msingi kutoka kwa Atanasoff. Wengi wakaona jibu limepatikana. Lakini siku jaji anasoma hukumu, Colossus ilikuwa bado ni siri ya serikali ya Uingereza. Habari zake zilianza kutoka hadharani katikati ya miaka ya 1970. Mtu aliyeandika mwaka 1973 nani alikuwa wa kwanza aliandika bila kujua kwamba shahidi mwingine amefungiwa kabatini. Hilo ndilo tatizo la neno "ya kwanza". Linahitaji ujue kila kitu kilichowahi kutengenezwa, pamoja na vile vilivyofichwa.

Kwa mashine ndogo ni hivyo hivyo. Nani alitangulia kutengeneza kompyuta ya mtu binafsi? Wengi watasema Altair 8800, iliyotokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975 na kuuzwa vipande vipande kwa dola 439, ukajiungie mwenyewe nyumbani. Wafaransa watakukumbusha Micral N ya mwaka 1973, iliyoundwa na François Gernelle. Mwaka 1986 jumba la makumbusho ya kompyuta la Boston liliitisha shindano kutafuta jibu, na walioshindanisha mashine hizo wakaipa heshima Kenbak-1 ya mwaka 1971, iliyouzwa kwa dola 750 na haikupata wanunuzi zaidi ya makumi machache. Kenbak-1 haina hata maikroprosesa ndani yake! Wapenzi wa Altair hawakuacha kudai chao.

Haya, tuseme "ya kwanza" tumeliacha. Linafuata la aina. Mashine hii tuiite nini: kompyuta ya nyumbani, kompyuta binafsi, au kompyuta ndogo? Mwaka 1977 ziliingia sokoni tatu ambazo wanahistoria huzitaja kwa pamoja: Apple II, Commodore PET na TRS-80. Wakati ule maneno hayo matatu yalitumika kwa kubadilishana. Halafu tarehe 12 Agosti 1981 IBM wakatoa ya kwao, wakaipa jina ambalo lilikuwa la aina nzima: kompyuta binafsi, PC kwa kifupi. Tangu hapo PC ikaanza kumaanisha mashine ya IBM na zile zilizoigwa kutoka kwake. Sasa mtu wa leo akiiandikia Apple II mstari, akasema ni kompyuta binafsi, anatumia neno kwa maana ya mwaka 1977 au ya mwaka 1985? Na akisema ya nyumbani, vipi kuhusu programu ya VisiCalc ya mwaka 1979, ile ya majedwali ya hesabu, iliyowafanya watu wa biashara wainunue Apple II kwa ajili ya ofisi? Mashine ile ile, mwaka 1977 iko sebuleni, mwaka 1980 iko kwa mhasibu.

Kuna Osborne 1 nayo, ya mwaka 1981. Iliuzwa kama kompyuta ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 na kioo cha inchi 5. Kijana aliyezoea kompyuta mpakato ya leo akisoma "ya kubebeka" atapata picha tofauti kabisa. Neno ni la kweli, ila limebeba uzito wa zama zake.

Na mwaka je? Utadhani mwaka hauna ubishi. Commodore 64 ilionyeshwa Januari 1982 na kuanza kuuzwa Agosti ya mwaka huo huo, hapo tumepona. Lakini Epson HX-20 ilitangazwa mwishoni mwa 1981 na kuuzwa 1982. Xerox Alto ilianza kufanya kazi mwaka 1973 na haikuwahi kuuzwa madukani kama nyingine. Uandike mwaka wa kutangazwa, wa kuuzwa, au wa kuwashwa? Hata hivyo mwaka una faida moja kubwa: unaweza kukaguliwa. Ndiyo maana ukipita kwenye kurasa nyingi za kompyuta hizi utaona mtindo mmoja umetulia, aina ya mashine pamoja na mwaka wake. Kwa Kiswahili ningeiandika Commodore 64 hivi: "Kompyuta ya nyumbani ya biti 8, 1982". Herufi 36.

Angalia pia neno ambalo halimo humo: "ya zamani". Sisi tunalipenda sana. Lakini zamani ya nani? Kwa aliyezaliwa mwaka 2005, kompyuta ya 1998 ni ya zamani. Mwaka 1998 hakuna aliyeiita hivyo. Zamani inatembea pamoja na anayeisema, ila 1982 haitembei.

Sasa tuje kwenye neno la mwisho, nchi, ambalo ndilo lililonishika hadi nikaamua kuandika haya.

Kwa mujibu wa historia ya teknolojia nchini kwetu, kompyuta iliyotangulia kufungwa Tanzania ilikuwa ICT 1500, mwaka 1965, Wizara ya Fedha. ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza, iliyozaliwa mwaka 1959 kwa kuunganisha kampuni mbili zilizokuwa zikitengeneza mashine za kadi za kutoboa, na mwaka 1968 ikaingia katika muungano mwingine uliozaa ICL. Mtu akitakiwa kuiandikia mashine hiyo mstari wa haraka atasema "Kompyuta ya Uingereza ya miaka ya 1960". Nani atambishia? Jina la Kiingereza, kampuni ya Kiingereza, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza miaka minne tu nyuma.

Lakini ICT 1500 ilikuwa ni RCA 301, mashine ya kampuni ya Marekani ya RCA, ambayo ICT waliiuza kwa jina lao. Waingereza walihitaji mashine ya kuuza haraka wakachukua ya wenzao. Hata mfululizo wa ICT 1900 uliotangazwa mwaka 1964, ambao ulikuja kuwa fahari ya kompyuta za Uingereza, mizizi yake ilikuwa kwenye FP-6000 iliyobuniwa Canada na kampuni ya Ferranti-Packard. Kwa hiyo ukisema "ya Uingereza" unasema kweli kuhusu aliyeuza, lakini unakosea kuhusu aliyebuni. Na sisi tulionunua hatumo kabisa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mstari huu mdogo si mchezo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hiyo ni hadithi yake peke yake, na ina somo kubwa kuhusu kununua mitambo usiyoielewa vizuri kutoka kwa muuzaji anayeielewa kuliko wewe. Mwanafunzi wa leo akitaka kuelewa uamuzi ule ataanzia wapi? Ataanzia kwenye kutafuta jina la mashine. Ataona mstari. Mstari ukimwambia "ya Uingereza", ataondoka akiamini kwamba tulikuwa tukinunua ubunifu wa mtawala wetu wa jana, na hatajua kwamba hata huyo mtawala alikuwa akiuza cha jirani. Uelewa wake wa nani alimtegemea nani miaka ya 1960 utakuwa umepindishwa na neno moja.

Basi, tuandike nini? Hapa wapo watakaosema tuongeze: Uingereza, Marekani, Tanzania, Wizara ya Fedha, marufuku. Siafiki. Ukifanya hivyo umerudi kwenye mchezo wa Philadelphia na Manchester, wa kuongeza maneno mpaka ngozi ije upande wako. Mimi ningeandika "Kompyuta ya kampuni ICT, miaka ya 1960". Herufi 38. Imesema aliyeiuza, imesema zama zake, na imekaa kimya pale ambapo haina nafasi ya kusema yote. RCA, Dar es Salaam na mwaka 1974 vinapaswa kuwa ndani ya makala, vikiwa na nafasi ya kutosha na ushahidi wake. Gazetini mhariri msanifu ana kauli karibu hiyo hiyo kuhusu maelezo ya picha: taja kinachoonekana, mengine yapeleke kwenye habari.

Lakini kukaa kimya kwenye mstari kuna maana tu kama makala ipo. Hapo ndipo penye kazi yetu. Wikipedia ya Kiswahili, Kamusi Elezo Huru, ilianza mwaka 2003. Kule Wikidata kila mashine niliyoitaja leo inayo nafasi yake ya mstari wa Kiswahili, na nafasi nyingi za namna hiyo bado ni tupu. Nafasi tupu haibaki tupu milele. Kama hatuandiki sisi, ataandika mwingine, au mashine itatafsiri kutoka Kiingereza pamoja na "ya kwanza" zake zote.

Na kabla ya kuandika tutapaswa kukubaliana sisi kwa sisi. Mtanzania anasema kompyuta. Mkenya aliyesoma Kiswahili shuleni atakutajia tarakilishi, na wapo wanaoikumbuka ngamizi. Zile kubwa zilizokuwa zikijaza chumba kizima, kama ile ya Wizara ya Fedha, tuziite nini ili zisichanganywe na za mezani? "Kompyuta binafsi" inaeleweka, au msomaji atadhani ni ya mtu fulani, haruhusu uiguse? Haya si maswali ya kuachia kamati ikae miaka kumi. Wale wa Kiingereza hawakusubiri kamati. Walibishana, wakakubaliana machache, wakaandika milioni 2.

Mimi nasimama na "kompyuta", kwa sababu ndilo neno ambalo fundi, karani na mwanafunzi wote wanalitumia. Wa tarakilishi najua mpo na hamtakubali. Leteni hoja zenu, ila ziwe ndani ya herufi 40.